Mnyoo wa Viazi Hatembei, Tunambeba Sisi

Ukishika barabara ya kutoka Njoro kwenda Mau Narok wakati viazi vimeanza kutoa maua, simama kando ya mashamba machache uyatazame kwa makini. Hapa na pale huenda ukaona kiraka ambacho mimea yake imedumaa. Majani ni ya manjano, mashina ni membamba, na jua la adhuhuri likipiga, mimea hiyo inanyong'onyea ilhali mingine, hatua chache tu pembeni, imesimama wima. Mwenye shamba atakwambia mbolea haikutosha. Jirani yake atasema ni jua kali. Wa tatu atanunua dawa ya ukungu anyunyizie, na pesa zake zitapotea, kwa sababu majani hayana kosa lolote. Kosa liko mizizini.

Ukitaka kuhakikisha, omba ruhusa ya mwenye shamba uchimbe mche mmoja kwa jembe la meno. Usiung'oe kwa kuvuta, maana mizizi myembamba itakatika na kubaki ardhini pamoja na ushahidi wote. Tikisa udongo taratibu, kisha oshea mizizi ndani ya karai la maji. Isogeze karibu na macho, mahali penye mwanga. Shamba likiwa limeambukizwa, utaona vitone vya mviringo vimeng'ang'ania mizizini, kila kimoja kina upana wa nusu milimita hivi. Vingine ni vyeupe, vingine vya manjano ya dhahabu, na vilivyokomaa vimegeuka kahawia. Kila kitone ni mnyoo jike. Kichwa chake kimezama ndani ya mzizi, na mwili wake uliofura mayai umebaki nje.

Kwa jina la kitaalamu anaitwa Globodera rostochiensis. Jina hilo limetokana na mji wa Rostock, Ujerumani, lakini asili yake hasa ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, kulikotoka kiazi chenyewe. Nchini Kenya aliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, baada ya watafiti kumpata katika Kaunti ya Nyandarua. Mwaka 2018 ndugu yake, Globodera pallida, naye akaripotiwa. Kisha mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi mpana zaidi, uliochukua sampuli za udongo katika kaunti 20 zinazolima viazi. Ilibainika kwamba mnyoo huyu ametapakaa nchini, na Nyandarua ndiyo iliyoongoza kwa maambukizi.

Nakuru inapakana na Nyandarua, na biashara ya viazi haiujui mpaka huo. Magunia ya Ol Kalou, Kinangop na Ol Joro Orok hukutana na ya Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok katika masoko yale yale. Kinachonisukuma kuandika makala haya ni jambo moja: mnyoo huyu, kwa nguvu zake mwenyewe, hasafiri hata mita moja katika uhai wake wote. Akiwa amefika kaunti baada ya kaunti, basi kuna aliyembeba. Aliyembeba ni sisi, na kuacha kumbeba kuko ndani ya uwezo wetu.

Tuanze na ukoo wake, kwa kuwa ni ukoo mkubwa kupita watu wengi wanavyodhani. Minyoo hawa huitwa nematodi. Mwili wao ni wa mviringo na laini kuanzia kichwani hadi mkiani, tofauti na tegu aliye bapa au nyungunyungu mwenye pingili. Wanasayansi wameshazipa majina zaidi ya spishi 25,000, na wapo wanaokadiria kwamba jumla, pamoja na zisizojulikana bado, inaweza kufika milioni moja. Kwa wingi wao hakuna mnyama wa kushindana nao. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha hesabu iliyotokana na maelfu ya sampuli za udongo kutoka kila bara, na makadirio yake ni kwamba katika kila wanyama watano duniani, wanne ni nematodi.

Wako kwenye matope ya sakafu ya bahari na kwenye udongo unaoganda wa kaskazini ya mbali. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kumpata mmoja katika maji ya mgodi wa dhahabu nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, wakamwita Halicephalobus mephisto. Mrefu kuliko wote wanaojulikana huishi ndani ya kondo la nyangumi, na urefu wake hupita mita 8. Hata samaki wetu wa Ziwa Naivasha wana wao. Ukipasua ngege wa ziwa hilo unaweza kumkuta mnyoo amejikunja karibu na moyo. Huyo ni Contracaecum, na kwake samaki ni njia tu. Safari yake huishia tumboni mwa ndege, yaani mnandi na mwari. Ndege huangusha kinyesi chenye mayai ziwani, lava humezwa na vidudu vidogo vya majini, vidudu huliwa na samaki, samaki huliwa na ndege, na mambo huanza upya. Moto wa jikoni humuua, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuogopa samaki aliyeiva vizuri.

Ajabu ni kwamba wote hawa, wa nyangumi na wa kiazi, wamejengwa kwa ramani moja. Ndani kuna utumbo unaotoka mdomoni hadi mkiani, nje kuna ngozi ngumu, na katikati kuna maji yenye shinikizo yanayoukaza mwili kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Hawana moyo, hawana damu wala mapafu. Hewa hupenya ngozini. Misuli yao yote ya mwili imelala kwa urefu, hakuna hata mmoja unaozunguka kiwiliwili, na ndiyo sababu nematodi hawezi kujivuta na kujirefusha anavyofanya nyungunyungu. Anachoweza ni kujipinda huku na huku. Ili asonge mbele anahitaji kitu cha kusukuma, yaani chembe za udongo zenye utando wa maji. Udongo ukikauka kabisa, husimama. Anapokua huvua ngozi mara nne, na katika hilo ana undugu na wadudu pamoja na kaa kuliko alivyo na nyungunyungu.

Urahisi huo wa umbo ndio uliomvutia Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini. Katika miaka ya 1960, akiwa Cambridge, alimchagua nematodi mdogo wa milimita moja, Caenorhabditis elegans, ambaye chakula chake ni bakteria wa kwenye mimea inayooza. Mnyoo huyo akikomaa ana seli 959 za mwili, na 302 kati yake ni za neva. Njia ya kila seli imefuatiliwa tangu yai lilipoanza kugawanyika. Mwaka 1998 akawa mnyama wa kwanza kusomwa jeni zake zote. Tuzo za Nobel za 2002, 2006, 2008 na 2024 zilitokana na kazi iliyomhusu kwa njia moja au nyingine. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu jinsi seli inavyojiua kwa mpangilio, au jinsi jeni inavyozimwa, tulifundishwa na mnyoo ambaye huenda yupo kwenye lundo la mboji nyuma ya nyumba yako.

Kuwaona hakuhitaji maabara. Chukua kichujio cha chai, tandika ndani yake karatasi ya shashi, weka vijiko viwili vya udongo wenye unyevu kutoka bustanini, kisha kikalishe juu ya bakuli la maji ili maji yaguse sehemu ya chini ya udongo tu. Acha hadi kesho yake. Usiku kucha minyoo hupenya karatasi na kuzama chini ya bakuli. Mwaga maji ya juu polepole, yaliyobaki yatie kwenye glasi, uyaelekeze kwenye mwanga na kutazama kwa kioo cha kukuzia. Utaona nyuzi fupi zisizo na rangi zikijipinda bila kupumzika. Njia hii ilibuniwa na daktari aliyeitwa Baermann mwaka 1917, na maabara za udongo duniani zinaitumia hadi leo.

Wengi wa utakaowaona hawana ubaya wowote na mkulima. Ni watumishi wake. Kuna wanaokula bakteria, na kwa kuwa bakteria wana naitrojeni nyingi kuliko anayohitaji mnyoo, ziada hutolewa ardhini kwa namna ambayo mizizi inaweza kuifyonza. Mahindi yako hula sehemu ya naitrojeni iliyopita tumboni mwa minyoo hawa. Kuna wanaofyonza kuvu. Kuna wawindaji wenye meno, ambao hula nematodi wenzao. Na kuna wauaji wa wadudu, kundi ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote: lava wake humwingia mdudu ardhini, humwachilia ndani bakteria aliokuwa amewabeba tumboni, na bakteria hao humuua mdudu kwa siku mbili hivi. Mnyoo na bakteria hula mzoga kwa pamoja, huzaana, kisha maelfu ya lava hutoka kutafuta mdudu mwingine. Mmoja wa kundi hili, aliyegunduliwa hapa Kenya na kuelezwa mwaka 1997, alipewa jina Steinernema karii, kwa heshima ya taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa KARI wakati huo, ambayo leo ni KALRO. Kampuni za nje na za ndani huuza minyoo wa aina hii kama dawa hai, na wakulima wa maua huwatumia dhidi ya wadudu wa udongoni.

Wanaoshambulia mimea ni sehemu ndogo ya ukoo, na hao utawatambua kwa hadubini kwa alama moja: mdomoni wana sindano. Sindano hiyo, yenye tundu kama la daktari, hutoka na kurudi, hutoboa ukuta wa seli ya mzizi, humwaga mate na kufyonza utomvu. Wapo wanaofanya mizizi ivimbe mafundo. Hao, wa jenasi Meloidogyne, wanajulikana na kila mkulima wa nyanya kuanzia Subukia hadi Naivasha, na zamani walisumbua sana pareto ya Molo, zao lililoifanya Kenya kuwa muuzaji mkuu wa pareto duniani. Mafundo yale hayafichiki. Mnyoo wa viazi ni hatari zaidi kwa sababu ya ustadi wake wa kungoja.

Maisha yake yanaanza ndani ya kifuko. Kifuko hicho ni ngozi ya mama yake aliyekufa, iliyokauka na kuwa ngumu, nayo imehifadhi mayai 200 hadi 500. Ndani ya kila yai kuna lava aliyejikunja, ameshavua ngozi mara moja, ametulia. Anaweza kungoja hivyo kwa miaka zaidi ya 20. Mvua itakuja na kuondoka, ngano itapandwa na kuvunwa, nyumba itajengwa, naye atangoja. Anachongoja ni harufu. Mzizi wa kiazi unapokua hudondosha kemikali kwenye maji ya udongo, na kemikali hizo, hata zikiwa kidogo mno, humwamsha. Hutoboa ganda la yai kwa sindano yake, hutoka kifukoni, hutafuta mzizi ulio karibu na kuingia karibu na ncha yake.

Akishaingia huchagua seli moja na kuichoma. Mate yake yana kemikali zinazoilaghai seli hiyo ibomoe kuta zake na kuungana na jirani zake, nazo na jirani zao, hadi mamia ya seli yanakuwa chumba kimoja kikubwa cha chakula. Mmea unalisha chumba hicho kana kwamba ni kiungo chake chenyewe. Kuanzia hapo mnyoo hasogei tena. Ikiwa chakula ni kingi, atakuwa jike. Kikiwa haba, atakuwa dume. Nimesoma mambo mengi juu ya wanyama, lakini kiumbe ambaye jinsia yake inaamuliwa na sahani aliyopewa bado ananishangaza. Dume hurudi kuwa mwembamba, hutoka mzizini, hutafuta majike, na hufa ndani ya siku chache bila kula kitu. Jike hufura hadi mwili wake unapasua mzizi na kutokeza nje. Baada ya kupandwa hutunga mayai, hayatagi nje, huyaweka ndani ya mwili wake. Kisha hufa, na ngozi yake inakuwa kifuko. Viazi vikichimbwa, kifuko huanguka ardhini.

Hakuna mahali katika hadithi hiyo ambapo mnyoo anavuka barabara. Anayevuka barabara ni kiazi chenye udongo. Ni buti la kibarua aliyelima shamba moja asubuhi na lingine alasiri. Ni trekta ya kukodi iliyotoka Dundori na matope kwenye magurudumu, inayoingia shambani Bahati bila kuoshwa. Ni gunia lililotumika msimu uliopita na likarudi na vumbi lake. Ni maji ya mvua yanayoteremka na udongo kwenye miteremko ya Mau isiyo na matuta. Kifuko kimoja cha nusu milimita kinatosha kuanzisha kiraka ambacho, miaka michache baadaye, kitakuwa shamba zima.

Njia kubwa kuliko zote ni mbegu. Kiazi ni chakula cha pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi, lakini mbegu zilizoidhinishwa ni sehemu ndogo sana ya zinazopandwa; makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni chini ya asilimia 5. Wakulima wengi hupanda viazi walivyobakiza au walivyonunua sokoni. Na hapo kuna jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Mkulima huuza viazi vikubwa, maana ndivyo vyenye bei, na vidogo hubaki kuwa mbegu. Mmea ulioshambuliwa na minyoo ndio unaozaa vidogo. Kwa hiyo, msimu baada ya msimu, bila kujua, anachagua mbegu kutoka kwenye kiraka kilekile kilichougua, pamoja na udongo wake. Angeweka vijiti kwenye mimea iliyonawiri wakati wa maua, na wakati wa kuchimba akachukua mbegu kwenye vijiti hivyo peke yake, angepunguza magonjwa mengi, hasa ya virusi na mnyauko. Mafunzo ya namna hiyo yametolewa kwa wakulima wa Nakuru na Nyandarua kwa miaka mingi. Dhidi ya mnyoo hayatoshi peke yake, lakini yanapunguza mzigo.

Sipendi makala zinazomlaumu mkulima wa nusu ekari. Anaambiwa abadilishe mazao, na ushauri ni sahihi: mahindi, maharagwe, njegere, kabichi, karoti, ngano na shayiri hazimlishi mnyoo huyu, na kila mwaka bila viazi idadi ya mayai hupungua. Nyanya na biringanya hazifai, kwani ni za jamii moja na kiazi. Lakini kwa mtu ambaye kiazi ndicho karo ya shule, miaka minne bila kiazi ni miaka minne bila karo. Ndiyo sababu aina ya Shangi, inayokomaa upesi na kuiva upesi jikoni, imetawala mashamba haya. Na Shangi haina kinga dhidi ya mnyoo.

Zipo aina zenye kinga. Mwaka 1952 iligundulika kwamba baadhi ya viazi vya Andes vina jeni, ambayo leo inaitwa H1, inayomnyima mnyoo wa dhahabu, yaani rostochiensis, chakula. Lava huingia mzizini, hujaribu kujenga chumba chake, na seli zilizokizunguka hufa. Wengi hufa njaa, na wanaopona huwa madume. Jeni hiyo imo katika aina kadhaa za Ulaya zilizosajiliwa nchini. Haimzuii pallida, na hilo ni onyo: tukiitegemea H1 peke yake tutamfukuza ndugu mmoja na kumwachia mwingine shamba. Kuna pia msaada kutoka kwenye sufuria zetu. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mnavu, ile managu inayouzwa kila soko la Nakuru, unapunguza minyoo ya viazi udongoni. Ni wa jamii ya kiazi, lakini haumkuzi mnyoo kama kiazi kinavyomkuza. Mboga inayolipa kila wiki na kusafisha shamba kwa wakati mmoja inastahili kutangazwa zaidi ya dawa yoyote ya chupa.

Kuhusu dawa, lazima tuende taratibu. Mashamba ya maua hapa nchini yalifukiza udongo kwa methili bromidi kwa miaka mingi. Gesi hiyo iliua kila kilicho hai, minyoo wabaya na wema, kuvu na bakteria, na ikapanda angani kuharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015 kuachana nayo. Waridi nyingi za Naivasha sasa hupandwa kwenye mawe mepesi ya volkano au maganda ya nazi, mbali na udongo. Mkulima wa Kuresoi hana uwezo huo, na akimwaga sumu kali shambani ataua wawindaji ambao wangemsaidia, kisha adui, aliyejificha ndani ya kifuko, atabaki.

Ndiyo maana jaribio lililochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Sustainability lilinipa matumaini. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, na wa Chuo Kikuu cha North Carolina State cha Marekani walitengeneza karatasi kutokana na nyuzi za migomba, wakaitia kiasi kidogo mno cha dawa ya abamektini, wakafungia kila mbegu ya kiazi ndani yake kabla ya kupanda. Karatasi inaoza ardhini, dawa inabaki karibu na mzizi, na mavuno katika mashamba ya majaribio nchini yaliongezeka sana. Jambo lisilotarajiwa ni kwamba hata karatasi tupu ilisaidia kidogo: ilizinasa kemikali za mzizi, na mnyoo hakusikia harufu aliyokuwa akiingoja.

Abamektini ina historia inayofika hadi kwenye mazizi yetu. Ilitokana na bakteria wa udongo aliyechukuliwa Japani na Satoshi Ōmura katika miaka ya 1970, na ndugu yake ni ivermektini, iliyowapa Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel ya 2015. Dawa zote mbili humlemaza nematodi kwa kufungua njia fulani kwenye seli zake za neva na misuli. Kwa hiyo dawa ya jamii moja inaweza kukilinda kiazi cha Molo na kumlinda kondoo wa Molo.

Naye kondoo huyo anahitaji kulindwa. Mnyoo wake mkuu ni Haemonchus contortus, anayeishi kwenye tumbo la nne na kunywa damu. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mfunue kondoo kope ya chini: ikiwa nyekundu, yuko salama, ikiwa nyeupe, damu imekwisha. Wafugaji wengi huwapa dawa kondoo wote kila baada ya miezi mitatu, wagonjwa kwa wazima, mara nyingi kwa kipimo pungufu, na minyoo wanaopona ndio wanaozaa kizazi kisichosikia dawa. Usugu huo ulishathibitishwa katika mashamba ya Kenya miongo kadhaa iliyopita. Mtibu yule mwenye kope nyeupe, mpe kipimo kamili kwa uzito wake. Na tusimdharau kondoo mwekundu wa Kimaasai. Utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ulionyesha kwamba anastahimili Haemonchus kuliko Dorper, ambaye wafugaji wamemkimbilia kwa sababu ya ukubwa wake. Kundi la kondoo hawa limehifadhiwa katika kituo cha utafiti cha Naivasha. Kila anayepandisha kondoo wake wote kwa Dorper anapoteza kinga ambayo hakuna duka la dawa za mifugo linaloiuza.

Ya binadamu nitayapitia upesi, kwa kuwa tunayajua: mchango, safura na wenzao wangali nasi, na watoto hupewa dawa shuleni chini ya mpango wa taifa. Dawa hiyo haifanyi kazi ya choo, viatu na maji ya kunawia.

Nirudi kwenye viazi. Serikali za kaunti za Nakuru na Nyandarua zina wajibu mmoja ambao hauhitaji sayansi mpya: kuwapelekea wakulima upimaji wa udongo karibu nao, kwa bei wanayoweza, ili mtu ajue kabla ya kupanda. Vifuko vilivyokauka huelea vikitiwa kwenye maji, na mtaalamu mwenye chujio na hadubini anaweza kuvihesabu siku hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, kituo cha KALRO kiko Njoro. Mkulima wa Mau Narok hapaswi kusikia habari za shamba lake kutoka kwenye jarida la Ulaya.

Nawe msomaji unayelima, kabla mvua inayokuja haijaanza, nunua mbegu yenye lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linaloidhinisha mbegu, hata kama ni ya robo ekari, uizalishe mwenyewe kwenye kipande ambacho hakijaota kiazi kwa miaka kadhaa. Usikubali trekta iingie na matope ya shamba la mwingine. Osha jembe na buti kwa maji na brashi kabla ya kuvuka ua. Na ukiona kiraka kimedumaa, usinyunyizie kitu. Chimba mche mmoja, uoshe mizizi, uutazame, kisha umwite afisa wa kilimo.